Mashine Aliyoninunulia Baba Mkwe

Mashine yetu ya kufulia ilikufa Jumatatu jioni, ikiwa na sare za shule tumboni. Nasema ilikufa kwa sababu haikuzimika kistaarabu. Ilinguruma, ikagonga ukuta wa bafu mara tatu, ikasogea hatua nzima kutoka mahali pake, kisha ikanyamaza na maji yake yote ndani. Binti zangu pacha walipiga kelele kama walioona ajali. Mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka kwenye kiwanda cha mikate na unga ungali kwenye nyusi, nikapiga magoti nikaanza kuyachota maji kwa kikombe huku nikiitukana. Najulikana kwa mdomo. Mume wangu husema nikianza kutoa povu, hata sabuni inaona aibu.

Yeye ni mwalimu wa hesabu, na hakuna jambo asiloliwekea mistari. Kabla sijamaliza kukamua sare ya pili, alikuwa ameshageuza karatasi ya mtihani na kuchora safu mbili mgongoni mwake: "Kutengeneza" na "Kununua". Safu ya kununua ilijaa upesi sana.

"Mama pacha, hii imekula chumvi," akasema. "Miaka kumi na moja! Kuna mpya nimeiona dukani, kimya kabisa. Unaweza ukalala juu yake."

"Nenda kalale juu yake basi. Hii haitoki humu ndani."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema."

Sababu alikuwa anaijua vizuri, ila mtu wa hesabu hupenda uonyeshe njia. Mashine ile nilinunuliwa na baba yake. Sisemi tulinunuliwa, nasema nilinunuliwa mimi.

Pacha walipozaliwa, nilikuwa nafua nepi kwa mikono, beseni asubuhi, beseni mchana, beseni jioni. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, dada sina, na mume wangu alikuwa anafundisha mbali na kurudi mwisho wa wiki tu. Nilijikaza kisabuni, na sabuni yenyewe ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Vifundo vya vidole vilichubuka, vikapasuka, nikawa naogopa hata kukamua limau. Siku moja baba mkwe akapita kuwaona wajukuu. Wakati huo alikuwa bado anaendesha lori la safari ndefu, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, na mimi nilimwogopa kama mwalimu mkuu. Nikampa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akakipokea, lakini macho yake yakabaki pale pale mikononi mwangu. Hakusema neno. Alimaliza chai, akawabusu watoto, akaenda zake.

Siku ya tatu lori lake likasimama mlangoni, vijana wawili wakashusha boksi lililonifika kifuani. Akampigia mwanawe simu nikiwa nasikia. "Hii si ya nyumba," akamwambia. "Hii ni ya huyu binti." Ndugu walisema sana. Shangazi mmoja wa mume wangu alitangaza kwamba niliolewa nije kufanya kazi, si kukaa kama malkia. Baba alimjibu mbele ya watu, "Nimeendesha lori miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuniambia niubebe mzigo mgongoni. Huyu kwa nini?" Shangazi alifyata ulimi, na mimi tangu siku ile sikumwogopa tena yule mzee. Nilimpenda tu, moja kwa moja, na nampenda hadi leo.

Miaka minne iliyopita, mama mkwe alipofariki, tulimchukua baba tukakaa naye. Ana miaka sabini na minane. Lori aliliacha, lakini udereva haujamwacha. Ukirudi sokoni, lazima apime mifuko yako kwa mkono na kuipanga upya. "Mzigo wa upande mmoja unavunja springi," anasema, na wajukuu wanamalizia naye kwa sauti moja. Mikoba yao ya shule huikagua kila jioni, kitabu kizito mgongoni, chepesi mbele. Kitanda chake anakitandika hadi unaona huruma kukikalia. Ukimwona asubuhi ameshanyoa, utafikiri anakwenda kazini.

Sasa, Jumanne, siku moja baada ya mashine kufa, tukiwa mezani, baba akaweka kijiko chini.

"Jumamosi nitakwenda kwa dada yako," akamwambia mume wangu. "Kuna basi la saa nne."

"Kumsalimia?" nikauliza mimi.

"Kubadili hewa."

"Kwa muda gani, baba?"

"Tutaona."

Mume wangu akasema ni vizuri, wazee wanahitaji kutembea. Nilimkata jicho ambalo kama lingekuwa kisu tungekuwa msibani. Wifi yangu ni mtu mwema, lakini anakaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, anatoka asubuhi anarudi usiku. Baba angekuwa anaitazama barabara dirishani mpaka macho yamchoke. Tena niliposafisha chumba chake kesho yake, sanduku lilikuwa limeshafungwa, na ukutani, pale ilipokuwa picha ya marehemu mama, palibaki msumari. Mtu anayekwenda kubadili hewa hachukui picha ya mkewe. Yule alikuwa anahama.

Nikamfuata sebuleni. "Baba, nimekukosea nini?"

"Hakuna aliyenikosea, mama," akasema, na mikono yake akaitia kwenye mifuko ya sweta. Joto lile, na yeye mikono mfukoni! Niliona, lakini sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba zilikuwa zimebaki siku tatu.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko, nikamwita fundi. Watu wanamwita Sikio, kwa sababu hafungui kitu kabla hajakisikiliza. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, begi lake la spana lina uzito kumshinda. Alifungua mlango wa mashine, akalizungusha pipa la ndani kwa mkono, akaweka sikio kwenye bati, akafumba macho. Pipa likakoroma.

"Beringi," akasema. "Zile chuma za duara zinazolibeba pipa. Zimekwisha."

"Inapona?"

"Subiri kwanza. Mgonjwa hajavua nguo."

Akaivua bati la nyuma. Nilikaa pembeni juu ya ndoo iliyofudikizwa, kama ndugu wa mgonjwa hospitali. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Kila fundi aliyewahi kuingia nyumba hii, hata yule wa kubadilisha kitasa, baba alimsimamia hadi akakoma. Siku hiyo alikuwa sebuleni, redio ameizima, na hakuja hata kuchungulia.

"Mota nzima," Sikio akawa anahesabu. "Mkanda mzima. Pipa halijaliwa na kutu. Lingekuwa limeliwa, ningekuambia usihangaike, ununue nyingine. Sasa njoo uone hapa."

Nikainama. Shokapu ya kulia, ile inayolizuia pipa lisiruke, ilikuwa kavu na safi. Ya kushoto ilikuwa imelegea na kuvuja. Na bati la ndani, upande ule ule wa kushoto, rangi ilikuwa imekwanguka mpaka chuma kinang'aa, alama kubwa kama sahani.

"Huu si uzee," akasema. "Uzee unakuja pande zote. Hii imepigwa. Mnafua nini humu?"

"Nguo, fundi. Sare, mashati. Mara tatu kwa wiki, jioni."

Akacheka. "Dada, mashine hii inazunguka karibu kila siku. Kuna kitu kimoja kikubwa kinaingia humu peke yake. Shuka nene, au blanketi dogo. Kikilowa kinajikusanya upande mmoja, na pipa likianza kukimbia ili kukamua, linajipigiza kwenye bati. Karibu kila siku, mwaka mzima, pengine na zaidi."

Nilifungua mdomo nimwambie ananidanganya ili anitoze vizuri. Nina mdomo mwepesi, nimeshasema. Lakini yeye alikuwa ameshainua mashine kidogo upande wa kushoto na kuchomoa kitu kilichonata chini ya mguu wake.

"Na huyo mfuaji alijua inatembea," akasema. "Tazama. Alikuwa anairudisha na kuizuia."

Kilikuwa kipande cha mpira wa tairi, kimekatwa mraba, kimekunjwa mara mbili, pembe zimezungushwa kwa kisu kikali ili zisiinuke. Mpira kama huo uko chini ya mguu wa meza yetu ya kulia, na mwingine uko chini ya kabati la watoto. Nyumba hii ina mtu mmoja tu anayekata mpira namna hiyo.

Yote yakaja kwa pamoja. Jirani aliyeniuliza kwa mzaha tunatwanga nini kila siku saa moja asubuhi, nami nikamjibu ashike lake. Saa moja asubuhi mimi niko kwenye tanuri tangu alfajiri, na mume wangu na watoto wameshaondoka. Chai ya jioni, ambayo baba aliiacha mwaka jana kwa kusema inamjaza gesi. Dirisha la chumba chake, wazi kila siku hata mvua ikinyesha. Kamba fupi nyuma ya tangi la maji, ambako hakuna mtu mwingine anayeanika kitu. Na kile kitanda, kilichotandikwa vizuri kiasi kwamba hakuna ambaye angethubutu kukifunua.

Nikakaa sakafuni pale pale. Mzee aliyetufundisha sote kwamba mzigo wa upande mmoja unavunja springi, alikuwa ametia shuka moja, peke yake, siku baada ya siku, na akausikia ule mgongano, na akajua hasa inavunja nini. Asingeweza kuongeza nguo zetu, maana angeulizwa kwa nini amezifua. Alichoweza ni kukata mpira. Na mashine ilipokufa mikononi mwangu akaona siri yake haina tena mahali pa kukaa, akafunga sanduku.

Sikio alinitazama uso, kisha akajifanya anatafuta spana. "Mama yangu alikuwa anaficha shuka zake zilizolowa usiku chini ya godoro," akasema bila kugeuka. "Tulichelewa sana kujua."

Nikafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Nikibadilisha beringi, mpira wake wa kuzuia maji na shokapu zote mbili, itakaa," akaendelea, sasa kwa sauti ya kazi. "Lakini kile kitu kikiendelea kuingia peke yake, mtaniita tena. Hata mkinunua mpya itakufa kifo hiki hiki. Dawa yake ni kukitilia wenzake. Taulo tano, sita, kila mara."

"Tengeneza," nikamwambia.

Alipokwenda kutafuta vipuri, nilichemsha chai. Nilinawa uso kwanza, maana sikutaka aone nimelia. Nikampelekea baba sebuleni, kwa mikono miwili, kama siku ile. Akawa hana budi kutoa mikono yake mfukoni.

Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Vya mkono wa kulia vilikuwa vimepasuka kabisa. Tangu Jumatatu alikuwa amefua shuka kwenye ndoo kwa mikono ya miaka sabini na minane, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, nikilalamikia sare.

"Fundi amesemaje?" akauliza.

"Amesema inapona, baba. Imeumizwa na mzigo wa upande mmoja."

Kikombe kikasimama njiani. Nikaendelea haraka kabla sijaishiwa ujasiri.

"Mimi na mwanao hatujui kupanga mzigo, wewe mwenyewe unasema kila siku. Fundi anataka asimamie mtu mmoja, anayejua. Nimeona iwe asubuhi, sisi tukishatoka. Nitakuwa naacha kapu la taulo mlangoni mwa bafu. Za watoto, za jikoni, zangu za kazini. Na chochote kingine kikubwa kilichopo nyumbani kiingie nazo. Kisiingie peke yake, basi. Hakuna atakayeuliza ni cha nani."

Nilisikia friji ikiwaka na kuzima.

"Huyo fundi anajua nini?" akauliza mwishoni, taratibu.

"Anajua beringi, baba."

"Mimi Jumamosi nasafiri."

"Najua."

Nilipaswa kuishia hapo. Nilikuwa nimejipangia kuishia hapo. Lakini mdomo wangu, kwa mara ya kwanza maishani, ukasema kitu kabla yangu na kikawa ndicho hasa kilichofaa.

"Baba, wewe uliitazama mikono yangu na hukuniuliza kitu. Ukaenda ukaleta lori. Mimi lori sina. Nina kapu la taulo."

Nikaanza kulia, kulia kwa kelele, kamasi na kila kitu. Yeye aliitazama mikono yake iliyoshika kikombe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakuirudisha mfukoni. Wala hakusema atakaa. Alikunywa ile chai yote hadi mwisho, na mimi nikaondoka nikamwachia kikopo cha mafuta ya mgando mezani.

Ijumaa Sikio alirudi na vipuri, akashinda bafuni hadi jioni. Alipomaliza aliniita nilizungushe pipa mwenyewe. Lilizunguka kimya. Mume wangu akaja na karatasi yake ya safu mbili, nikaichukua nikaikunja mara nne.

"Hata mpya ingekufa vile vile," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Akanitazama, akautazama mlango wa chumba cha baba yake, akafunga kalamu. Sijui ni kiasi gani anajua. Hesabu zake nyingine huzifanyia kichwani.

Jumamosi nililazimika kwenda kazini. Niliacha kapu lenye taulo saba mlangoni mwa bafu, nikalipita sanduku kwenye korido, nikatoka gizani na moyo mzito. Siku hiyo nilitia chumvi mara mbili kwenye unga, nikaunguza trei nzima. Saa nne kamili niliitazama saa ya ukutani, nikawaza basi linatoka. Nilimshukuru Mungu kwa miaka minne aliyonipa na yule mzee, nikamshukuru kwa kila beseni nisilolifua, na bado niliumia.

Nilirudi saa nane, maana Jumamosi tunatoka mapema. Kamba yetu kubwa iko mbele ya nyumba, mtu akipita barabarani anaona vyote. Taulo saba zilikuwa zimeanikwa juani kwa mpangilio, kubwa pembeni, ndogo katikati. Na katikati kabisa, imenyooshwa bila mkunjo hata mmoja, kulikuwa na shuka nyeupe yenye mistari ya bluu. Siku ya Jumamosi, watu wote wakiwa nyumbani.

Pacha walinipokea mlangoni, wote wakiongea kwa pamoja.

"Mama, babu ametufundisha kupakia mashine!"

"Kizito kinakaa chini, halafu taulo zinakizunguka!"

"Na haikugonga! Imegonga kidogo tu!"

Kwenye korido hapakuwa na sanduku. Nilipita chumbani kwake mlango ukiwa wazi, nikaona picha ya marehemu mama imerudi kwenye msumari wake, imepinda kidogo. Yeye alikuwa sebuleni na redio yake, vidole vinang'aa mafuta, kikombe cha chai mkononi. Nilisimama mbele yake, begi la kazini bado begani.

"Taulo saba hazitoshi," akasema, bila kunitazama. "Upande wa kushoto bado unalalamika. Kesho ongeza mbili."

"Sawa, baba," nikamwambia.

Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta taulo chafu. Hazikuwepo, zote zilikuwa kwenye kamba. Nikafungua kabati, nikachukua mbili safi kabisa zilizokunjwa, nikazitupa kapuni.